Njia ya kimbunga na maji yake: niliyojifunza katika msimu wa 2024

Msimu wa vimbunga vya bahari ya Atlantiki huanza rasmi tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na kwa sisi tunaoishi Houston, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka ufukwe wa Galveston, miezi hiyo sita ina utaratibu wake. Asubuhi, kabla ya kufungua habari nyingine yoyote, mtu hutazama kwanza ramani ya Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami, ili ajue kama kuna alama mpya ya njano, ya rangi ya chungwa au nyekundu iliyowekwa juu ya bahari. Ndugu zangu walioko Tanga na Dar es Salaam nao hufuatilia kwa namna yao: wakiona kwenye runinga picha ya setilaiti yenye wingu kubwa linalozunguka, hupiga simu na kuuliza kama kimbunga kinakuja kwetu. Naandika haya kwa ajili yao, na kwa Waswahili wenzangu waliotapakaa katika majimbo ya kusini mwa Marekani, kwa sababu naamini kwamba swali hilo, ingawa linatokana na upendo, linagusa nusu tu ya jambo. Utabiri wa njia ya kimbunga umefikia ubora mkubwa sana. Watu wanaendelea kufa kwa mambo ambayo mstari wa njia hauyaonyeshi, na msimu wa 2024 uliyaweka wazi kuliko msimu wowote ninaoukumbuka.

Msimu ule ulitangazwa mapema kuwa utakuwa mzito. Mwezi Mei 2024, NOAA, ambayo ni mamlaka ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, ilitabiri dhoruba zenye majina, yaani zilizofikia nguvu ya kutosha kupewa jina, kati ya 17 na 25, idadi kubwa kuliko zote ilizowahi kuzitaja katika utabiri wake wa mwezi huo. Sababu kuu zilikuwa mbili. Maji ya Atlantiki ya kitropiki yalikuwa na joto lisilo la kawaida, na kimbunga hupata nguvu zake kutokana na maji yenye joto la nyuzi 26 za sentigredi na zaidi. Vilevile Pasifiki ilitarajiwa kuelekea kwenye hali ya La Niña, ambayo hupunguza juu ya Atlantiki tofauti ya kasi na mwelekeo baina ya upepo wa chini na upepo wa juu, na tofauti hiyo ndiyo ambayo kwa kawaida hukivunja kimbunga kabla hakijasimama vizuri. Msimu ulipofungwa zilikuwa zimehesabiwa dhoruba 18 zenye majina; 11 kati ya hizo zilifikia kiwango cha kimbunga kamili, na vimbunga vitano vilifika daraja la tatu au zaidi katika kipimo cha kasi ya upepo chenye madaraja matano.

Watu wa kwetu hushangaa nikiwaambia kwamba vimbunga vingi vikubwa vinavyoipiga Marekani huanzia barani Afrika, na kwamba chanzo chake mara nyingi kiko karibu zaidi na Nairobi kuliko Miami. Joto kali la Sahara, likikutana na hewa yenye ubaridi kiasi ya upande wa Ghuba ya Guinea, huzalisha mkondo wa upepo unaovuma kutoka mashariki kwenda magharibi, kilomita tatu hadi nne hivi juu ya ardhi. Mvua za ngurumo zinazojikusanya juu ya nyanda za juu za Ethiopia na milima ya Darfur huutikisa mkondo huo, na mtikisiko huo huwa wimbi la hewa linalosafiri juu ya ukanda wa Sahel hadi likatokea baharini upande wa Senegal na visiwa vya Cape Verde. Mawimbi kama 60 hupita kila mwaka. Mengi hupotea bila kumdhuru mtu, lakini takriban asilimia 85 ya vimbunga vikubwa vya Atlantiki hutokana nayo.

Beryl kilitokana na wimbi la namna hiyo. Kilipewa jina tarehe 28 Juni, na kufikia tarehe 30 kilikuwa cha daraja la nne, jambo ambalo halikuwahi kurekodiwa katika mwezi wa Juni. Tarehe 1 Julai kilipita juu ya Carriacou, kisiwa kidogo cha nchi ya Grenada, na karibu kila jengo kisiwani humo likaharibiwa au kubomolewa kabisa. Siku iliyofuata kilifika daraja la tano, mapema katika mwaka kuliko kimbunga chochote cha daraja hilo katika kumbukumbu za Atlantiki. Baadaye kilipita kusini mwa Jamaica, kikaivuka rasi ya Yucatán, kikaingia katika Ghuba ya Mexico, na hapo ndipo habari yake ikawa habari yetu.

Kimbunga hakijiendeshi chenyewe. Hupelekwa na pepo za juu kama chombo kisicho na usukani kinavyopelekwa na mkondo, na pepo hizo hutegemea mahali yalipo maeneo ya mgandamizo mkubwa na mdogo wa hewa kwa siku hizo. Mwanzoni mwa Julai modeli nyingi za kompyuta zilikuwa zikikipeleka Beryl kaskazini mwa Mexico au kusini kabisa mwa Texas, kwa kuwa eneo la mgandamizo mkubwa lililokuwa kaskazini yake lilitarajiwa kukizuia kisipande. Eneo hilo lililegea upande wake wa magharibi, njia ikafunguka, na kila taarifa mpya ilipotoka mstari ulisogea kidogo kuelekea kwetu: kwanza mpakani mwa Mexico, kisha karibu na Corpus Christi, hatimaye Matagorda, ambako jicho, yaani kitovu cha kimbunga, lilitua alfajiri ya Jumatatu, tarehe 8 Julai. Mabadiliko hayo yote yalitokea wikendi ya sikukuu ya tarehe 4 Julai, wakati watu wengi walikuwa safarini au kwenye shughuli za nyama choma, na waliotazama ramani siku ya Alhamisi walibaki na picha ya Alhamisi vichwani mwao.

Kilitua kikiwa cha daraja la kwanza, na neno hilo liliwatuliza wengi kuliko ilivyostahili. Madaraja yale, kuanzia la kwanza hadi la tano, hupima kasi ya upepo pekee. Hayapimi mvua, wala kina cha maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu, wala upana wa kimbunga, wala upande ambao mji wako umeangukia. Houston iliangukia upande wa kulia wa jicho, ambao katika nusu ya kaskazini ya dunia ndio upande mbaya, kwa sababu huko upepo wa mzunguko hujumlishwa na mwendo wa kimbunga chenyewe. Miti iliangukia nyaya mji mzima, na zaidi ya wateja milioni mbili wakakosa umeme, baadhi yao kwa zaidi ya wiki moja, katika joto la Julai la Texas ambalo halipungui hata usiku.

Katika mtaa wetu kuna mzee anayelala na mashine ya oksijeni. Tulimvutia waya mrefu kutoka kwenye jenereta ya nyumba ya tatu, tukaupitisha juu ya uzio na kuuingiza dirishani kwake, na vijana wakapeana zamu ya kuongeza petroli usiku. Jenereta yenyewe iliwekwa uani, mbali na madirisha ya watu wote, kwa sababu hewa yake yenye sumu haina harufu, na baada ya kila kimbunga kuna familia zinazopoteza watu wakiwa wamelala. Hakuna ramani ya njia ya kimbunga inayomwonyesha mtu kama mzee yule. Tangu hapo, dhoruba ikielekea upande wetu, jambo la kwanza ninalouliza mtaani ni nani anategemea umeme ili aishi, na swali hilo linahitaji kuulizwa jua likiwa bado linawaka.

Hapa inafaa nieleze koni, yaani lile eneo jeupe linalopanuka mbele ya kimbunga kwenye ramani, kwa sababu ndiyo picha inayosambazwa kuliko zote na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Kituo cha Miami huichora kwa kuunganisha miduara, na ukubwa wa kila mduara hutokana na makosa ya utabiri wa miaka mitano iliyotangulia. Maana yake ni kwamba, kwa uzoefu wa miaka hiyo, kitovu cha kimbunga hubaki ndani ya koni takriban mara mbili katika kila tatu. Ile mara ya tatu hutoka nje. Koni inahusu kitovu pekee. Upepo, mvua na maji ya bahari huweza kufika mamia ya kilomita nje ya mipaka yake, na mji ulio nje ya koni leo unaweza kuwa katikati yake keshokutwa bila ya mtabiri yeyote kuwa amekosea. Hata hivyo ni haki kuwasifu watu hawa. Katika miaka ya 1970 utabiri wa siku tatu ulikosea mahali pa kitovu kwa zaidi ya kilomita 500 kwa wastani. Siku hizi kosa hilo kwa kawaida liko chini ya kilomita 200, na mwaka 2024 utabiri wa njia uliotolewa na kituo hicho ulikuwa bora kuliko wa mwaka mwingine wowote katika kumbukumbu zake.

Baada ya Beryl, na baada ya Agosti kuanza kwa kishindo, bahari ilinyamaza. Tangu Ernesto kilipopewa jina tarehe 12 Agosti hadi Francine tarehe 9 Septemba, hakuna dhoruba mpya iliyopewa jina, ilhali hicho ndicho kipindi ambacho kwa desturi msimu huelekea kileleni. Mawimbi kutoka Afrika yalikuwa yakipita kaskazini mno na kuangukia kwenye maji baridi na hewa kavu ya Sahara. Watu walianza kusema hadharani kwamba watabiri wametia chumvi. Mimi nilihuzunika kuyasikia hayo, kwa sababu utabiri wa msimu husema dhoruba ngapi zitatokea. Hausemi kwamba zitagawanywa sawa kwa wiki, na dhoruba moja tu mtaani kwako yatosha.

Halafu kikaja Helene. Tarehe 23 Septemba kituo cha Miami kilianza kutoa taarifa kabla hata dhoruba haijaumbika, na siku hizo zote kilisisitiza kwamba kimbunga kikubwa kingetua katika kona ya pwani ya Florida iitwayo Big Bend. Usiku wa tarehe 26 Helene kilitua hapo hapo, karibu na mji wa Perry, kikiwa cha daraja la nne chenye upepo wa kilomita 225 kwa saa. Maji ya bahari yalipanda zaidi ya mita nne katika sehemu za pwani hiyo. Kwa kipimo cha njia, kazi ilifanyika kwa ustadi wa hali ya juu.

Lakini vifo vingi zaidi vilitokea milimani. Zaidi ya watu 100 walifariki katika jimbo la North Carolina peke yake, na mji wa Asheville, ambao uliteseka sana, uko kilomita 600 hivi kutoka mahali jicho lilipotua. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha huko kabla kimbunga hakijafika nchi kavu, kwa sababu unyevu wa ghuba ulitangulia ukagonga milima, ukapanda, ukapoa, ukamwagika. Kwa hiyo mvua ya kimbunga chenyewe ilipofika, ardhi ilikuwa imeshiba na mito imejaa. Mto French Broad ulivuka kiwango kilichowekwa na mafuriko ya 1916, ambayo wenyeji walikuwa wakiyasimulia kama jambo lisiloweza kurudi. Ofisi ya hali ya hewa ya Greenville-Spartanburg, inayohudumia eneo hilo, ilikuwa imekwisha kuonya waziwazi kwamba hili lingekuwa miongoni mwa matukio makubwa kabisa ya hali ya hewa katika zama hizi kwa eneo lile. Onyo lilikuwepo. Lakini mtu aliyezaliwa bondeni, ambaye maisha yake yote neno kimbunga limemaanisha habari za watu wa pwani, hulisikia onyo kwa sikio jingine. Na maji yalipoanza kushuka kwa kasi, barabara nyingi za kutokea zilikuwa hizo hizo zinazofuata mito. Kwa jumla Helene kiliua watu wapatao 250, idadi ambayo haijaonekana katika bara la Marekani tangu Katrina ya 2005. Nimezisoma orodha za mahali walipofia, na siwezi kuzisoma haraka.

Siku tisa tu baada ya Helene kutua, Milton kilipewa jina katika upande wa magharibi wa ghuba. Hicho ndicho kilichoonyesha sehemu ya pili ya ugumu, ambayo ni nguvu. Kujua kimbunga kitakwenda wapi hutegemea pepo pana zinazoonekana vizuri kwenye modeli; kujua kitakuwa na nguvu kiasi gani hutegemea mambo yanayotokea ndani ya kilomita chache kuzunguka jicho, ambayo setilaiti haiyaoni yote. Ndiyo maana ndege bado zinatumwa. Kikosi cha 53 cha jeshi la anga kutoka Biloxi, Mississippi, na ndege za NOAA kutoka Lakeland, Florida, hupenya ukuta wa jicho na kudondosha vifaa vidogo vya umbo la bomba, kila kimoja na parashuti yake, ambavyo vikiwa vinashuka hupima mgandamizo, joto, unyevu na upepo na kurusha takwimu kwenye ndege mpaka vinapoangukia baharini. Takwimu hizo huingizwa moja kwa moja katika modeli.

Tarehe 6 na 7 Oktoba takwimu hizo zilitisha. Katika muda wa saa 24 upepo wa Milton uliongezeka kwa takriban kilomita 150 kwa saa, kikafika daraja la tano, na mgandamizo wa hewa katika kitovu, ambao kadiri unavyoshuka ndivyo kimbunga kinavyozidi nguvu, ukashuka hadi karibu millibari 895. John Morales, mtabiri mkongwe wa runinga huko Miami, alisoma hewani kwamba mgandamizo umeshuka millibari 50 kwa saa kumi, na sauti yake ikakatika kwa kilio. Baadhi ya watu walimlaumu. Mimi nilimwelewa, kwa sababu ukizijua namba hizo huhitaji picha. Siku moja baadaye ndege ya NOAA iliingia tena Milton, na ndani ya jicho wanasayansi wakamwaga majivu ya mwenzao Peter Dodge, mtaalamu wa rada aliyefariki mwaka 2023, ambaye enzi za uhai wake aliingia katika macho ya vimbunga mara 386. Katika ujumbe wa vipimo uliotumwa kutoka kwenye ndege waliandika jina lake na kuihesabu hiyo kuwa mara ya 387.

Milton kilitua Siesta Key usiku wa tarehe 9 Oktoba, kikiwa kimepungua hadi daraja la tatu. Mahali hapo ni kusini kidogo ya mdomo wa Ghuba ya Tampa, na huko kusini kidogo ndiko kulikoamua kila kitu. Kwa kuwa jicho lilipita kusini, upepo juu ya Ghuba ya Tampa ulivuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, na maji yakafyonzwa hata matope ya chini yakaonekana. Pwani ya Sarasota na kusini yake ndiyo iliyojaa maji. Jicho lingepita makumi machache tu ya kilomita kaskazini zaidi, maji yale yale yangesukumwa ndani ya Tampa, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko kosa la kawaida la utabiri wa siku mbili. Waliohama Tampa walikuwa sahihi kuhama. Wakati huo huo, saa kadhaa kabla jicho halijatua, na upande wa pili kabisa wa Florida, vimbunga vya nchi kavu, yaani tornado, vilizuka katika mikanda ya nje ya mvua. Vilihesabiwa 46 katika jimbo hilo siku ile, na kimoja kiliua watu sita katika makazi ya Spanish Lakes, kaunti ya St. Lucie, ambako wakazi walikuwa wakisubiri kimbunga kutoka upande mwingine.

Wenzetu wa pwani ya Bahari ya Hindi hawako mbali na habari hizi. Mwaka 2019 kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, sehemu kubwa ya maafa ilitokana na maji yaliyofunika mabonde ya mito siku kadhaa baada ya upepo kutulia, na Mei 2024, Hidaya kilipofika Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari kwa mikoa ya pwani. Mpangilio wa kusoma ni ule ule, ingawa huko vimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa akrabu za saa na huku huzunguka kinyume chake.

Taarifa kamili za Miami hutolewa mara nne kwa siku. Kwetu hufika saa 10 alfajiri, saa 4 asubuhi, saa 10 jioni na saa 4 usiku, na kimbunga kikikaribia nchi kavu huongezwa nyingine katikati. Ninapoifungua, naanza na maelezo ya mtabiri, yale yanayoandikwa kwa aya na kutiwa jina lake chini, kwa kuwa humo husema wazi kama modeli zinakubaliana na yeye mwenyewe ana uhakika kiasi gani. Kisha naangalia ramani ya kina cha maji ya bahari juu ya nchi kavu, halafu ya mvua, halafu saa ambayo upepo wa kwanza mkali utafika, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ya mwisho ya kupanda ngazi au kuwa barabarani. Koni naitazama mwisho. Baada ya hapo nafungua ukurasa wa ofisi ya hali ya hewa ya hapa hapa kwetu, na vipimo vya kaunti vinavyoonyesha kina cha kila mfereji mkubwa wa Houston. Mtaa wetu uko mbali na bahari, kwa hiyo hautajwi katika kanda za kuhama, lakini mwaka 2017 Harvey kilipokaa juu yetu kwa siku kadhaa, mfereji ulio nyuma ya shule ulivuka kingo zake. Kipimo cha mfereji huo ndicho cha kwanza katika orodha yangu.